Siku Nilipowashusha Bata Bukini kwa Kapu la Nguo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hujikuta nimenyoosha mgongo, hata nikiwa nimekaa tu hapa mbele ya cherehani yangu. Si siku ya harusi yangu, ingawa siku hiyo nilipendeza na waliokuwepo wanajua. Wala si siku niliyofungua hiki kiduka cha ushoni hapa Satwa, Dubai. Ni siku ya bata bukini wawili na vifaranga wao saba, na mimi ndiye niliyekuwa katikati ya barabara. Sogeza hicho kitambaa ukae. Nimekuona ulivyoingia. Umeniomba radhi kwa kubisha mlango, ukaomba radhi kwa viatu vyako, kisha ukakiomba radhi kiti kabla hujakikalia. Hata kabla hujaniambia kuwa madam wako alikufokea jana, nilijua hadithi hii ni yako.

Wakati huo nilikuwa bado binti, nimetoka Majengo, Mombasa, na begi moja na Kiarabu cha kuombea maji ya kunywa. Nilipata kazi za ndani kwenye nyumba moja kule Al Warqa. Madam wangu alikuwa mwenyeji wa hapa hapa, mkali wa maneno lakini si wa mkono, na hilo nalisema kwa haki yake. Chakula nilikula nikashiba na mshahara wangu nilipewa. Ila masharti yake yalikuwa masharti, na la kwanza lilikuwa kwamba mfanyakazi hatoki nje ya geti bila ruhusa. Msichana mmoja wa mtaa ule, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alitoka kwenda kununua vocha ya simu tu. Wiki ile ile akapandishwa ndege kurudishwa kwao. Mimi nilikuwa na mama na wadogo zangu walionitegemea, kwa hiyo geti lile nilikuwa nalitazama kwa mbali.

Mahali pangu palikuwa juu ya paa. Unazijua nyumba za hapa, paa lake ni sakafu unayoweza kutembea, limezungushiwa ukuta unaokufika kiunoni. Huko ndiko nilikokuwa naanika nguo. Kulikuwa na matangi ya maji, kamba zangu, na dishi kubwa bovu la televisheni lililolazwa chali pembeni, limejaa mchanga ulioletwa na upepo. Madam alikwisha niambia nilitupe. Nikamjibu inshallah. Inshallah ya sisi wafanyakazi unaijua mwenyewe, na madam pia alikuwa anaijua, maana alikuwa ananikumbusha kila baada ya siku chache.

Mwezi wa tatu, ule wakati hewa ya hapa bado inaruhusu kufungua madirisha, nikapanda asubuhi na kapu langu nikamkuta mgeni amekaa ndani ya dishi. Alikuwa bata bukini, mkubwa, wa rangi ya hudhurungi, na duara jeusi kuzunguka jicho kama bibi harusi aliyepakwa wanja na mtu mwenye haraka. Sisi Wakenya si wageni kwa ndege huyu. Bara wapo tele kandokando ya maziwa na mito, na hapa Dubai wanaishi kwenye mabwawa ya bustani. Lakini kuja kutaga juu ya paa la watu, katikati ya mashuka, hilo sikuwa nimeliona. Nikampa jina Bi Wanja. Mumewe alisimama juu ya ukuta akinifokea kila nilipopanda, na mimi nikawa namjibu, "Fokea mpaka ukauke koo, nguo nitaanika." Tukazoeana hivyo.

Nitajisifu hapa, na wewe unisamehe, kwa sababu nilimlinda yule ndege vizuri. Sikumgusa na sikumlisha, maana ndege wa mwituni ukimzoesha mkono wako unampunguzia akili yake. Mashuka niliyaanika upande wa dishi ili apate kivuli mchana. Kunguru walikwisha yajua mayai, basi nilipowasikia tu nilikuwa nakimbilia ngazi na mwiko na sufuria, nagonga mpaka wanatawanyika. Paka wa jirani alikula ufagio mara moja, hakurudi tena. Madam akisikia kelele huko juu ananiuliza kuna nini, namwambia ni kunguru, na haukuwa uongo.

Vifaranga wakatoka mwezi wa nne, na kwa bahati yangu wakachagua siku mbaya. Jioni ile palikuwa na harusi ya ndugu wa madam. Nilikuwa nimefua kanzu zote nyeupe za sir, mume wake, nimezitundika kwenye kamba ndefu, na nimeambiwa zikikauka nizipige pasi kabla ya alasiri. Madam mwenyewe alikuwa amekwenda kwa mama yake tangu asubuhi. Nikapanda kuzigeuza kanzu, nikasikia vilio vidogo vingi.

Dishi lilikuwa tupu. Bi Wanja alikuwa chini bustanini, karibu na geti, ameinua shingo anaita. Vifaranga saba walikuwa wamebaki juu, wanakimbia kando ya ukuta wa paa huku na huku, wanamjibu mama yao na kujigonga kifua ukutani. Ndege hawa, mwanangu, mama hawalishi watoto kiotani. Anashuka, anawaita, nao wanajirusha kutoka juu, wepesi mno hata hawaumii, kisha wanamfuata mpaka majini. Lakini ukuta ulinifika mimi kiunoni, na wao hawakuzidi ngumi yangu. Wasingeweza kuupanda hata wangejaribu mpaka kesho. Na jua lilikuwa limekwisha panda. Sakafu ilikuwa imeanza kuniunguza miguu ndani ya ndala. Hakukuwa na tone la maji kule juu. Nikajua kwamba wakibaki pale mpaka adhuhuri watakufa mmoja mmoja, na mama yao anawasikia.

Nikashuka kumpigia simu madam. Haikupokelewa. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika.

Wazo la kwanza lilikuwa niwazoe niwapitishe ndani ya nyumba. Ila nilikuwa nimemtazama Bi Wanja kwa wiki kadhaa, na asubuhi ile niliona kitu: kila vifaranga wakinyamaza kidogo, alikuwa anakunjua mbawa kama anayetaka kuondoka. Sauti zao ndizo zilizomshika pale. Nikiwaingiza kwenye ngazi na milango, atawapoteza masikioni. Walitakiwa washuke kwa nje, mbele ya macho yake, wakilia. Kapu langu la nguo lilikuwa la plastiki, lenye matundu pande zote, unaona ndani na unasikia. Kilichobaki ni kamba. Na kamba pekee yenye urefu wa kufika chini ilikuwa ile iliyobeba kanzu za sir.

Sikufikiri mara mbili. Nikapanda tena na mkasi wa kushonea, nikazivuta kanzu nikazirundika juu ya tangi, mbili zikateleza zikaanguka kwenye vumbi, nikaziacha. Nikaikata kamba kwa ule mkasi. Kisha nikaanza kuwakamata vifaranga, na hapo baba yao akanionyesha kuwa mazoea yetu yalikuwa na mpaka. Alinichapa bawa la mgongo, mwanangu, nikaona nyota mchana. Nikawaweka wote saba kapuni, nikafunga kamba kwenye masikio ya kapu, nikaanza kuwateremsha taratibu pembeni mwa nyumba, wakipita mbele ya dirisha la chumba cha kulala cha madam wanapiga kelele kama soko la samaki.

Kelele zile zikamleta Bi Zuhura. Huyu alikuwa mpishi wa nyumba ya jirani, mama mtu mzima wa Unguja, amekaa nchi hizi tangu sijazaliwa, na wenye nyumba wake walikuwa wamemwachia aingie na kutoka apendavyo. Alikuwa na funguo za nusu ya mtaa, pamoja na za geti letu dogo. Akaingia, akatazama juu, akashika kiuno, akaniita kwa jina.

"Weye Mwana! Wateremsha nini hicho? Mtoto wa madam?"

"Ni ndege, bibi! Sorry, bibi!"

"Sorry ya nini? Teremsha taratibu, watapinduka hao!"

Kapu likatua kwenye majani. Bi Zuhura akalilaza ubavu kwa mpini wa ufagio, akarudi nyuma. Vifaranga wakamiminika nje wakaingia chini ya tumbo la mama yao. Nilipofika chini nikihema, Bi Wanja alikuwa ameshawapanga nyuma yake na kusimama mbele ya nondo za geti, ananitazama kwa lile jicho lake la wanja. Kwetu hakukuwa na maji ila bomba la bustani. Bwawa alilolijua yeye lilikuwa kwenye bustani ya mtaa, nyuma ya msikiti, ng'ambo ya barabara ambayo magari hupita kwa kasi.

Nikaanza. "Sorry, bibi, nimekusumbua. Sorry, Bi Wanja, mimi siwezi kufungua geti. Madam akija nitamwambia sorry, kisha yeye ndiye ataamua."

Bi Zuhura akauweka ufagio chini.

"Hebu nitazame usoni. Toka nimeingia hapa, ushaniomba radhi mimi, ushawaomba radhi bata, na sasa wamuomba radhi madam ambaye hata hayupo. Umekosa nini weye?"

"Nimekata kamba, bibi. Na kanzu za sir zimechafuka."

"Basi kamba na kanzu ziombee radhi. Hizo umeziharibu kweli. Lakini hawa ulowateremsha salama, hawa utawaombeaje radhi? Ukimwanzia mtu na sorry, hata jema ulofanya atalisikia kosa. Na atajuaje kama ni jema, na weye mwenyewe ndo wa kwanza kuliita kosa?"

Maneno hayo yalinichoma, sitakuficha. Tangu nishuke uwanja wa ndege neno lile ndilo lililokuwa likinitangulia kila mahali. Nililisema kabla ya kuulizwa jambo, nililisema nikipewa haki yangu, na nilidhani ndiyo adabu. Mama yangu hakunifunza hivyo. Adabu aliyonifunza ilikuwa na macho yanayotazama mbele.

Bi Zuhura akalainisha sauti. "Mie nna ruhusa ya kutoka. Nitawapeleka mwenyewe, we bakia ndani."

Ulikuwa mlango wa salama, na angekuwa mwingine angeupita. Nilimwangalia Bi Wanja, nikawaza wiki zote zile za sufuria na kunguru, nikaona siwezi kumwachia mtu mwingine amalizie kazi yangu. Nikamwambia, "Bibi, twende sote." Nikalifungua geti kubwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulikwenda hivi. Bi Wanja mbele, anatembea na kifua chake kama mwenye mtaa. Vifaranga nyuma yake kwa msururu. Mimi na Bi Zuhura nyuma yao tumeshika shuka kila mmoja ncha yake, tumelitandaza kama ukuta unaotembea, wasije wakapotelea chini ya magari yaliyoegeshwa. Baba mtu anaruka, anatua juu ya ukuta wa mbele, anafoka, anaruka tena. Penye barabara palikuwa na nyumba inayojengwa, na mlinzi wake alikuwa kijana wa Uganda akiitwa Moses. Akatoka kwenye kibanda chake akitutazama.

"Mama, hao bata mnapeleka wapi?"

"Bwawani," Bi Zuhura akamjibu. "Tusimamishie magari, baba."

"Mimi kazi yangu kuchunga saruji, mama. Bosi akipita hapa nimekwisha." Akatazama kulia, akatazama kushoto, akawatazama vifaranga. "Lakini saruji haina miguu. Yalla, twende."

Akaingia barabarani na filimbi yake mdomoni, mkono juu, mrefu huyo! Lori la maji likasimama. Teksi ikasimama. Bi Wanja akashuka ukingoni akaanza kuvuka, nami nikaingia nao katikati ya lami, shuka mkononi. Likaja gari jeupe kwa upande wa pili. Moses akalipigia filimbi, nalo likasimama hatua chache kutoka nilipokuwa. Sikuhitaji kusoma namba zake. Gari lile nilikuwa naliosha kila asubuhi.

Kioo kikashuka.

"Mwana! Shu hada? Nini hiki? Nani amekuruhusu kutoka nje?"

Niliwaona wadogo zangu na sare zao za shule, nikaliona begi langu nje ya geti. Na ukingo wa ng'ambo ulikuwa mrefu. Vifaranga watano walikuwa wameshapanda, ila wawili wa mwisho walikuwa wanajirusha na kuanguka, wanajirusha na kuanguka, na nyuma ya gari la madam honi zilikuwa zimeanza. Lile neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tayari kutoka. Nikalimeza. Nikamtazama madam machoni, nikainua kiganja changu.

"Madam, subiri kidogo. Bado wawili."

Moses aliitoa filimbi mdomoni. Bi Zuhura akajifanya anatengeneza mtandio. Mimi nikamgeuzia madam mgongo, kwa sababu kazi ilikuwa bado, nikalikunja shuka nikaliweka chini ya ukingo liwe ngazi. Mmoja akapanda. Wa pili akateleza, akajaribu tena, akapanda. Nikasikia injini ya gari jeupe ikizimwa.

Madam alishuka, akaliinua baibui lake kidogo, akatufuata. Tulisimama wote kando ya bwawa, yeye, Bi Zuhura na mimi, na Moses kule nyuma akipungia magari yapite. Bi Wanja aliingia majini bila kugeuka. Vifaranga wakaingia nyuma yake mmoja baada ya mwingine, na wale waliokuwa wakijigonga ukutani saa moja iliyopita wakaanza kuzamisha vichwa na kutikisa mikia kama waliozaliwa humo humo. Nilihisi machozi, na nilihisi kitu kingine kikubwa kuliko machozi. Nilijiona mrefu.

Kisha nikasema, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza na Kiingereza cha kuungaunga, lakini kwa sauti. "Madam, nimewashusha hawa kutoka juu ya paa kwa kapu la nguo. Wangekufa kwa joto. Nilikupigia simu, hukupokea. Nimetoka bila ruhusa kwa sababu maji yako huku na wao walikuwa hawana mtu mwingine. Hilo nimelifanya mimi. Lakini kamba ya nguo nimeikata na kanzu za sir zimeanguka kwenye vumbi. Kwa hilo naomba radhi."

Madam aliyatazama maji.

"Kanzu za harusi?"

"Nitazifua tena sasa hivi, madam. Zitakauka."

"Utazianika wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Bi Zuhura akaingilia kati. "Kwetu ipo kamba, mama."

Madam akaitikia kwa kichwa. Akawatazama ndege tena, midomo inacheza, nikajua anawahesabu. "Wote wapo?"

"Wote, madam."

"Mashallah," akasema, taratibu sana. Akageuka kurudi kwenye gari. Alipofika mlangoni mwa gari akalitazama geti letu lililokuwa wazi kule mbali, akaniita. "Siku nyingine ukitoka, geti lifunge. Umeacha nyumba yangu wazi."

Nikamtazama Bi Zuhura, naye akanitazama, na mpaka leo sijui ni nani kati yetu aliyeanza kucheka. Kanzu zilifuliwa, zikakauka, na sir alikwenda harusini anang'aa. Na baada ya muda nikawa nawasikia wageni wa kike wakija nyumbani, madam anawapeleka dirishani na kuwaonyesha upande wa bustani, kisha ananinyooshea kidole na kusema, "Huyu ndiye aliyewashusha." Nilipokuwa nawaandalia kahawa sikuinamisha kichwa.

Sasa nisikilize. Sikwambii uvunje masharti ya watu uliowafuata kwa kazi. Sikwambii kila madam atazima injini. Yule wangu angeweza kuniweka kwenye ndege siku ile ile, na ningerudi Majengo mikono mitupu, nikaanza upya. Hilo nililijua nilipoinua kiganja. Ninachokwambia ni kwamba usiwe mtu wa kujishtaki kabla hujashtakiwa. Ukivunja sahani, sema umevunja, omba radhi, lipa ikibidi, yaishe. Ukifanya la haki, litaje kwa jina lake kwanza, usilivike nguo za kosa ili upate kuhurumiwa. Na ukishaanza kukilinda kiumbe kisicho chako, kisichoweza kukulipa wala kukushukuru, usikiache ukingoni kwa sababu mkubwa amekuita. Kimalizie. Ukimaliza, geuka umjibu.

Madam wako alikufokea jana kwa nini hasa? Usinieleze sasa. Nenda kwanza ukajieleze mwenyewe, utenge lililoharibika na lililo jema, kisha uje na yote mawili tunywe chai.

Na mimi nakuombea, mwanangu. Mungu akulinde kwenye nyumba za watu, akupe afya ya mikono na riziki isiyokudhalilisha. Akuwekee Bi Zuhura wako karibu na akuwekee Moses wako njiani. Wadogo zako wasome kwa jasho lako na wazazi wako walitaje jina lako kwa furaha. Na siku utakapoitwa kwa ukali uko katikati ya barabara, na walio nyuma yako bado hawajavuka, Mungu aiimarishe sauti yako mpaka wavuke. Amina. Haya, inuka, na toka humu kichwa juu.